Ripoti mbili, ubongo mmoja: maswali yanayoulizwa mara kwa mara madaktari wanapotofautiana kuhusu ubongo wa mtoto aliye tumboni

Ukurasa huu ni wa mama au baba aliyetoka chumba cha ultrasaundi na ripoti moja, akaenda kwingine akatoka na ripoti inayosema jambo jingine. Mhudumu wa kliniki anayeulizwa maswali haya kila wiki anaweza kuutumia pia. Hauchukui nafasi ya daktari wako, maana yeye ana picha za mtoto wako mbele yake na sisi hatuna. Utakusaidia kujua umuulize nini.

Ripoti mbili za mtoto mmoja zinapingana. Kuna daktari aliyekosea?

Inawezekana, ila usianzie hapo. Anza kwa kuangalia wanapingana kuhusu nini. Kuna ubishi wa namba: mmoja kapima milimita 9, mwenzake 11. Kuna ubishi wa jina: wote wawili wameona nafasi ileile ya maji nyuma ya kichwa, mmoja akaiita hivi na mwingine vile. Na kuna ubishi wa maana: namba wamekubaliana, jina wamekubaliana, lakini mmoja anasema mtoto atakuwa sawa na mwingine anakunja uso. Familia nyingi huletewa hizi tatu zikiwa zimechanganywa, ikaonekana madaktari hawaelewani kabisa, kumbe wanachotofautiana ni milimita moja na nusu.

Halafu kuna tarehe, ambayo husahaulika. Ubongo wa wiki ya 20 na wa wiki ya 30 ni vitu viwili. Ripoti zilizopishana kwa wiki kumi zinaweza kuwa za kweli zote mbili, kila moja kwa siku yake. Andika juu ya kila ripoti umri wa mimba siku ya kipimo, ndipo uzilinganishe.

Makosa nayo yapo: mashine hafifu, mtoto aliyegeuka vibaya, mpimaji mwenye foleni ndefu mlangoni. Lakini hata bila hayo, kusoma picha ni kazi ya macho na uzoefu. Watafiti hupima kiwango cha makubaliano kati ya wasomaji kwa kipimo kiitwacho kapa: 1 maana yake wanakubaliana kila mara, 0 maana yake wakikubaliana ni bahati tu. Wasomaji hawafiki 1. Hata daktari mmoja akirudishiwa picha zilezile baada ya wiki kadhaa, hasemi yaleyale kila mara.

Kipimo cha kawaida cha wiki ya 20 huangalia nini kichwani?

Kwa mwongozo wa ISUOG, chama cha kimataifa cha wataalamu wa ultrasaundi ya uzazi, kichwa hutazamwa kwa mikato mitatu ya kulala: mmoja unapita kwenye ventrikali, yaani vyumba vya maji vya ubongo, mmoja kwenye thalamasi, vinundu vya katikati ya ubongo, mmoja kwenye serebelamu, yaani ubongo mdogo wa nyuma. Hapo hupimwa mzingo wa kichwa, upana wa ventrikali, upana wa serebelamu na nafasi ya maji iliyo nyuma yake. Ni uchujaji. Kazi yake ni kusema "hapa pako sawa" au "hapa patazamwe zaidi".

Kutazama zaidi ndiko kunakoitwa neurosonografia. Mtaalamu huongeza mikato ya wima, ya kutoka mbele kwenda nyuma na ya kutoka sikio hadi sikio, na mtoto akiwa ametanguliza kichwa, kipimo hufanywa kwa kupitia ukeni ili kifaa kiwe karibu na utosi wake. Picha zinazopatikana hapo hazilinganishwi na zile za juu ya tumbo.

Hili ni la kujua mapema, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachoitwa "madaktari kupingana" ni kipimo cha kuchuja kuwekwa mizani moja na kipimo cha kibingwa. Ripoti ikiwa haisemi ni ipi kati ya hizo, uliza.

Pa kwanza ventrikali ilikuwa milimita 10.4, pa pili 9.6. Ipi ya kweli?

Zote mbili zinasema jambo moja: mtoto yuko mpakani.

Ventrikali za pembeni ni vyumba viwili, kila nusu ya ubongo na chake, ambamo maji ya ubongo hutengenezwa na kupita. Upana hupimwa kwenye sehemu ya nyuma iitwayo atiriamu, na mpaka unaotumika ni milimita 10, tangu wiki ya 14 hivi hadi kujifungua. Mpaka huo ulipata nguvu kutokana na utafiti uliochapishwa mwaka 1988, ambao ulikuta wastani wa vijusi vyenye afya ni milimita 7.6, 10 ikachaguliwa kwa kuwa iko juu sana ya wastani huo. Ndani ya ubongo wenyewe hakuna kinachogeuka ghafla upana ukitoka 9.9 kwenda 10.1.

Tazama namba hiyo inavyopatikana. Mpimaji anagandisha picha, kisha anasogeza alama mbili ndogo za msalaba kwenye skrini. Ya kwanza inatakiwa ikae kwenye ukingo wa ndani wa ukuta mmoja wa ventrikali, ya pili kwenye ukingo wa ndani wa ukuta wa mkabala, mstari kati yao ukikata ventrikali kwa pembe mraba, usawa wa pleksasi ya koroidi, ile tishu nyeupe inayoonekana humo ndani. Sasa, ukuta huo kwenye skrini ni mstari mweupe wenye unene wake. Alama ikikaa katikati ya unene badala ya ukingo wa ndani, namba inapanda. Mkato ukienda mshazari, inapanda tena: bomba likikatwa mshazari, mdomo wake huonekana mpana kuliko bomba lenyewe. Na wakati wote huo mtoto anageuza kichwa. Wapimaji wawili hodari kutofautiana kwa milimita moja ni jambo la kawaida kabisa. MRI na ultrasaundi nazo hupishana kwa milimita moja au mbili.

Kwa hiyo ukikuta mtu anapigania nukta ya desimali, mpeleke kwenye maswali mawili yenye uzito: je, kuna kitu kingine kisicho cha kawaida, na je, upana unaongezeka kutoka kipimo hadi kipimo? Upana wa 10 hadi 12 huitwa upanukaji mdogo, 13 hadi 15 wa kati, zaidi ya 15 mkubwa. Ukiwa mdogo, peke yake, na vipimo vingine ni safi, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hukua kama wenzao. Ukizidi 15, mazungumzo ni mengine, na huko ubishi wa milimita huwa haupo tena.

Mbona wamepima upande mmoja tu?

Mfupa wa kichwa ulio karibu na kifaa hurudisha mwangwi na kuufunika upande wa ubongo ulio chini yake tu. Upande wa mbali huonekana vizuri, ndio unaopimwa, na wa karibu hudhaniwa kuwa sawa na mwenzake. Mara nyingi ni kweli. Mara chache si kweli, hasa kukiwa na damu iliyovuja upande mmoja, na ndiyo sababu ripoti ya kibingwa inapaswa kutaja pande zote mbili.

MRI imesema tofauti na ultrasaundi. Si ndiyo yenye neno la mwisho?

Wengi huamini hivyo, na kuna utafiti mkubwa unaotajwa kuunga mkono. Unaitwa MERIDIAN, ulifanyika Uingereza na kuchapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2017. Vijusi 570 vilivyoshukiwa kuwa na kasoro ya ubongo kwa ultrasaundi vilifanyiwa pia MRI, kisha majibu yakalinganishwa na kilichothibitika baadaye. Ultrasaundi ilikuwa sahihi kwa asilimia 68, MRI kwa asilimia 93.

Tofauti hiyo ni kubwa, lakini isomwe kwa makini. Waliosoma MRI walikuwa tayari wanajua ultrasaundi imesema nini, kwa hiyo 93 ni matokeo ya MRI iliyojengwa juu ya ultrasaundi. Wakosoaji wakauliza pia: je, ultrasaundi zile zote zilikuwa neurosonografia kamili? Utafiti wa baadaye wa nchi kadhaa ulitazama watoto wenye upanukaji mdogo au wa kati tu, ambao kwanza walipita kwa wataalamu wa neurosonografia. Humo MRI iliongeza kasoro mpya kwa takriban asilimia 5 tu. Ultrasaundi inapofanywa na bingwa, MRI hubakiwa na machache ya kugundua. Inapofanywa kijuujuu, MRI huonekana kama muujiza.

Kila chombo kina eneo lake. MRI huona vizuri mikunjo ya gamba la ubongo, damu iliyovuja, hali ya nyuzi za neva zilizo chini ya gamba hilo na pande zote mbili kwa usawa; haizuiliwi na mfupa wala na unene wa tumbo la mama. Ultrasaundi huona vizuri chembe za chokaa zinazoachwa na maambukizi, vivimbe vidogo vya maji na mwendo wa damu, na inaweza kurudiwa wiki ijayo bila taabu. MRI hupiga picha zake kwa vipande vyenye unene wa milimita chache, kwa hiyo kitu chembamba kuliko kipande kinaweza kupotea katikati. Na mtoto akijigeuza wakati picha inachukuliwa, kipande hicho kimeharibika.

Nikiwekewa mezani MRI iliyosomwa na asiyezoea vijusi na neurosonografia ya mtu wa kazi hiyo, mimi ningeipa uzito hiyo ya pili. Uzoefu wa msomaji una thamani kuliko bei ya mashine.

MRI ina madhara kwa mtoto?

Haitumii mionzi ya eksirei. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio, na tafiti zilizofuatilia watoto hazijaonyesha madhara kwa vipimo vya kawaida. Kinachoepukwa ni dawa ya kung'arisha picha iitwayo gadolinia, kwa kuwa hupita kwenye kondo la nyuma. Kwa ubongo wa kijusi haihitajiki hata hivyo. Kelele ya mashine ni kubwa. Utapewa vizibo vya masikio.

Kwa nini nisubiri wiki nyingine sita au nane? Naumia kungoja.

Kungoja huku ni kugumu, na daktari anayekwambia "turudie wiki ya 30" bila kukueleza sababu hajakutendea haki. Sababu ni kwamba baadhi ya vitu havijajengwa bado.

Kwenye wiki ya 20 uso wa ubongo ni karibu laini. Mikunjo hutokea kwa ratiba: ufa wa Silviasi, ulio ubavuni, unaonekana mapema na unaendelea kubadilika umbo kila wiki, mfereji wa kati hujitokeza karibu na wiki ya 24 hadi 26, mingi mingine huja miezi mitatu ya mwisho. Ugonjwa wa lisensefali, ambamo ubongo hubaki laini, hauwezi kuthibitishwa wakati ambapo kila mtoto ana ubongo laini. Kwa hiyo "ubongo ni wa kawaida" ya wiki ya 20 haina uzito sawa na ya wiki ya 30. Watu wengi hulishwa ile ya kwanza kana kwamba ni ya pili, halafu wiki ya 30 wanaona wamedanganywa.

MRI nayo hufanyika mara chache kabla ya wiki ya 20 na hutoa zaidi kati ya wiki ya 28 na 32. Lakini palipo na sheria au mipaka ya wiki kuhusu uamuzi wa kuendelea au kutoendelea na ujauzito, kungoja kuna gharama yake. Mwambie daktari waziwazi kama tarehe hiyo ina uzito kwako, ili kama kuna sababu ya kupima sasa na kurudia baadaye, ifanyike hivyo.

Mmoja anasema korpasi kalosamu haipo, mwingine anasema ipo ila ni fupi.

Korpasi kalosamu ni bunda la nyuzi za neva linalounganisha nusu mbili za ubongo. Kwenye ile mikato mitatu ya kawaida halionekani moja kwa moja. Mpimaji hutegemea dalili za pembeni, kuu ikiwa kavamu, kisanduku kidogo cha maji kilicho katikati, mbele. Kavamu inapaswa kuonekana tangu wiki ya 18 hadi ya 37 hivi. Isipoonekana, kengele inalia. Dalili nyingine ni ventrikali zenye umbo la tone la chozi, nyembamba mbele na pana nyuma.

Na hapa ndipo watu huteleza. Picha hii inajirudia kwenye vyumba vya kusomea, kijana yuko kwenye mashine na mkubwa wake amesimama nyuma:

"Kavamu hiyo hapo, dokta."

"Hiyo siyo. Hiyo ni foniksi, umeshuka chini. Hesabu mistari."

"Mitatu."

"Kavamu ina miwili, na maji matupu katikati. Panda kidogo. Taratibu. Simama hapo hapo."

Tofauti kati ya picha hizo mbili ni mwinamo mdogo sana wa mkono. Mtu aliyeiona foniksi, bunda jingine la nyuzi lililo chini kidogo, akaandika "kavamu ipo" amempitisha mtoto ambaye huenda kalosamu yake haipo. Aliyekosa pembe sahihi na kuandika "haionekani" amemtia mama hofu ya bure.

Jibu hupatikana kwa mkato wa wima wa katikati, ambapo kalosamu nzima hulala kama upinde juu ya kavamu. Kama haipo kabisa, wataalamu hukubaliana kirahisi. Penye shida ni kwenye nusu nusu: imekatika nyuma, ni fupi, ni nyembamba, au ni nene kupita kiasi. Hapo hata mabingwa hugawanyika, na urefu hulinganishwa na jedwali la wiki. Kabla ya wiki ya 20 haijamaliza kukua, kwa hiyo "fupi" ya wiki ya 18 haina mashiko.

Kwa upande wa maisha ya mtoto: kalosamu ikikosekana kabisa na hakuna kasoro nyingine, takriban theluthi mbili hadi robo tatu ya watoto hukua kawaida au karibu na kawaida, ingawa shida ndogo za kujifunza zinaweza kujitokeza shuleni. Kukiwa na kasoro nyingine, hali hushuka sana.

Nyuma ya kichwa kuna maji mengi. Mmoja kasema Dandy-Walker, mwingine mfuko wa Blake, wa tatu "kawaida".

Hili ndilo eneo lenye ubishi mwingi kuliko yote, na ndilo ambako jina likikosewa madhara huwa makubwa. Dandy-Walker ni kasoro nzito: vemisi, yaani sehemu ya kati ya serebelamu, imenyanyuliwa na kuzungushwa juu, ventrikali ya nne, chumba cha maji kilicho mbele ya serebelamu, imefunguka na kujaa, na nafasi ya nyuma imetanuka. Mfuko wa Blake ni utando uliochelewa kutoboka. Vemisi ni nzima, imesukumwa kidogo tu, na baadhi ya mifuko hiyo hupotea yenyewe kufikia wiki ya 24 hadi 26. Watoto wengi wenye mfuko wa Blake peke yake hukua vizuri. Kuna pia sisterna magna, ile nafasi ya maji nyuma ya serebelamu, ikiwa pana, zaidi ya milimita 10, ambayo ikiwa peke yake kwa kawaida haina neno.

Kwenye mkato wa kulala, zote zinaweza kufanana: uwazi wa maji kati ya nusu mbili za serebelamu. Kifaa kikiinamishwa kupita kiasi kuelekea nyuma, hata mtoto asiye na tatizo lolote ataonekana ana uwazi huo. Na vemisi hukamilika kufunika ventrikali ya nne karibu na wiki ya 18 hadi 20, kwa hiyo anayesema "vemisi ina upungufu" kwenye wiki ya 16 amesema mapema mno.

Kinachosaidia ni mkato wa wima wa katikati na kupima pembe kati ya shina la ubongo na vemisi. Chini ya nyuzi 18 ni kawaida. Juu ya 45 huelekea Dandy-Walker. Katikati hapo mfuko wa Blake na vemisi pungufu hupishana, na hapo ndipo ripoti tatu huzaliwa kutoka kwenye picha moja. Mtaalamu mwangalifu huongeza urefu wa vemisi, mikunjo yake, mahali tentoriamu, utando unaofunika serebelamu kwa juu, ilipokaa, kisha hurudia baada ya wiki kadhaa.

Jambo jingine: ripoti ikiandika "Dandy-Walker ya aina pungufu", mwombe aliyeiandika aeleze alichoona. Wataalamu wengi wameliacha jina hilo kwa sababu lilikuwa linafungia ndani yake kasoro nzito na hali zisizo na madhara.

Wameona uvimbe mdogo wa maji kwenye pleksasi ya koroidi.

Huonekana kwa asilimia 1 hadi 2 ya mimba za miezi ya kati, na mwingi hupotea kabla ya kujifungua. Ukiwa peke yake hauathiri akili ya mtoto. Madaktari huutaja kwa sababu ya uhusiano wake na trisomia 18, hali ya kuwa na kromosomu ya 18 ya ziada, lakini mtoto mwenye trisomia hiyo huwa na dalili nyingine pia.

Wanasema kichwa ni kidogo. Wengine wanasema ni cha kawaida.

Kwanza hakikisha tarehe. Mimba iliyokosewa kwa wiki mbili humfanya mtoto mzima aonekane ana kichwa kidogo. Ultrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye tarehe ya kuaminika zaidi. Kama unayo, ibebe.

Pili, jedwali. Kichwa kilekile kinaweza kuwa "kidogo" kwenye jedwali moja na "kawaida" kwenye jingine. Jedwali la INTERGROWTH-21st la mwaka 2014 lilitokana na akina mama wa nchi 8, zikiwemo Kenya, India na Brazil, lakini vituo vingi bado vinatumia ya zamani. Tatu, mpaka. Wapo wanaoanza kushtuka mzingo ukiwa mikengeuko sanifu 2 (kipimo cha umbali kutoka wastani) chini ya wastani. Ila kwa hesabu tu, mtoto 1 kati ya 44 hivi yupo chini ya hapo, na wengi wao hawana shida yoyote. Labda baba ana kichwa kidogo. Chini ya mikengeuko 3 ndipo mikrosefali, yaani kichwa kidogo kupita kiasi, huchukuliwa kwa uzito. Mlipuko wa Zika huko Brazil mwaka 2015 na 2016 uliwafundisha wengi kwamba namba ya kichwa peke yake haitoshi: chembe za chokaa, ventrikali na umbo la gamba ndivyo vilivyosema zaidi.

"Peke yake", "peke yake"... neno hili limejaa kwenye ripoti. Lina maana gani?

Maana yake ni: kwa chombo hiki, kwa mpimaji huyu, kwa wiki hii, hatujaona kingine. Kipimo kingine kinaweza kulifuta neno hilo, na likifutika, uwezekano wote uliopewa hubadilika. Ndiyo maana daktari mmoja anakupa asilimia 90 na mwingine 70 kuhusu kasoro ileile: wa kwanza anahesabu watoto wenye kasoro hiyo peke yake, wa pili anahesabu wote. Muulize: "Asilimia hiyo ni ya watoto gani, na walifuatiliwa hadi umri gani?" Mtoto aliyepimwa akiwa na miaka 2 hajafika bado kwenye kusoma na kuandika.

Vipimo visivyo vya picha husaidia hapa. Maji ya uzazi yakichukuliwa kwa sindano, yanaweza kutazamwa kromosomu, vipande vidogo vya kromosomu vilivyopotea au kuzidi, jeni mojamoja, pamoja na maambukizi ya virusi vya saitomegalo na ya kimelea cha toksoplasma. Palipo na damu iliyovuja kichwani, damu ya wazazi huchunguzwa kama kinga ya mama inashambulia chembe sahani za mtoto, zile zinazosaidia damu kuganda. Hili la mwisho lisicheleweshwe, kwa kuwa lina tiba na linaweza kujirudia mimba ijayo.

Nitafutaje maoni mengine bila kumkosea adabu daktari wangu?

Mwambie tu. "Daktari, ningependa picha hizi zionwe na mtu mwingine, unanishauri nani?" Daktari anayejua kazi hii hatakasirika, kwa sababu yeye mwenyewe huwapelekea wenzake picha ngumu.

Nenda na picha zenyewe kwenye diski au kiunganishi, hasa video fupi za mikato, pamoja na karatasi ya ripoti. Ripoti bila picha humlazimisha wa pili kubishana na maneno. Beba ultrasaundi ya kwanza yenye tarehe, majibu ya damu, na kumbukumbu za mimba zilizopita. Kama kuna daktari wa neva wa watoto, omba awepo, maana yeye huwaona watoto hawa wakiwa na miaka 5 na 10 ilhali mpimaji huwaona wakiwa tumboni tu. Vituo vikubwa huwa na kikao cha pamoja cha wataalamu wa uzazi, radiolojia, jenetiki na neva. Penye wengi pana mengi, lakini kikao kimoja kinachobishana mbele ya picha moja ni bora kuliko vyumba vinne vinavyokupa karatasi nne.

Mwishoni mwa mazungumzo, uliza kila mmoja: "Ni kitu gani ukikiona kitabadilisha maoni yako?" Anayeweza kulijibu swali hilo ameshakuonyesha kipimo kinachofuata.

Ukweli wenyewe utajulikana lini?

Mara nyingi baada ya kuzaliwa. Mtoto hufanyiwa ultrasaundi kupitia utosi siku za mwanzo, na MRI ikihitajika, kisha hufuatiliwa ukuaji wake. Baadhi ya hofu huishia hapo. Baadhi ya mambo yaliyofichika hujitokeza hapo pia.

Mtoto asipoishi, au mimba ikikatizwa, wazazi huulizwa kama wanakubali uchunguzi wa mwili. Hakuna anayelazimishwa. Ubongo wa kijusi ni laini mno na huharibika haraka, kwa hiyo uchunguzi huo nao una mipaka yake, na wanaoshindwa kukubali mwili ufunguliwe wanaweza kuuliza kama MRI baada ya kifo inapatikana. Majibu husaidia kukadiria uwezekano wa tatizo kurudi mimba ijayo. Yaombe yapelekwe pia kwa aliyefanya ultrasaundi ya kwanza. Wapimaji wengi hawapati kamwe kujua kama walichoandika kilikuwa sahihi.